Gia ya Pili Iliyomkataa Mama

Juzi jirani yangu alikuwa anakata mkaratusi kwa msumeno wa moto, upepo ukaniletea moshi wake nikiwa naanika nguo. Ulikuwa moshi wa petroli iliyochanganywa na oili, mtamu kidogo, wa kukaba koo. Nikasimama na shati bichi mkononi, maji yananichuruzikia miguuni, nikasahau nilichokuwa nafanya. Tangu tumzike Mama sikuwa nimemlilia vizuri. Nilimlilia pale, chini ya kamba ya nguo, kwa sababu ya msumeno wa jirani.

Wenzangu wa rika langu mtaukumbuka moshi huo. Pikipiki za siku hizi hazina tena. Ile ya Mama ilikuwa nao tele. Ikipita kwenye njia ya kibanja, moshi wa bluu ulibaki umening'inia kwenye majani ya migomba, na mtu aliyekuja nyuma alijua kwamba bwana mifugo ameshapita.

Bwana mifugo ndiye Mama. Kama cheo hicho kilikuwa na jina la kike, kwetu Karagwe hakuna aliyelitumia. Watu walisema, "Bwana mifugo amefika, mpeni kiti," naye huyo anashuka, gauni juu ya suruali, mabuti ya mvua miguuni, boksi la chanjo limefungwa nyuma kwa mpira. Mimi mambo haya niliyachanganya. Kwa muda mrefu niliamini kwamba mwanamke akipanda pikipiki anakuwa bwana, akishuka anarudi kuwa mama, na kwamba ndiyo maana Baba, ambaye hakujua kuendesha chochote, alikuwa mpole vile.

Pikipiki yenyewe aliinunua kwa mtaalamu wa mradi fulani aliyekuwa anarudi kwao Ulaya. Ilikuwa kuukuu tangu siku ilipoingia kwetu, kuukuu kuliko kaka yangu Jovin, na tenki lake lilikuwa jekundu pale tu ambapo magoti ya watu hayakufika. Gia zake zilikuwa kwenye mguu wa kushoto, kwenye pedali moja fupi iliyotokeza mbele. Ya kwanza unaikanyaga chini. Kuanzia ya pili kwenda juu, unaingiza vidole chini ya pedali na kuinyanyua. Hayo niliyajua kwa sababu nilijifunza kwa kuiba.

Siku hiyo Mama alikuwa amelala kidogo baada ya chakula. Pikipiki ilikuwa kwenye stendi, imezimwa. Nikapanda. Niliinama nikaifikia pedali kwa mkono, nikaikandamiza, nikaivuta juu, nikaikandamiza tena, ka, ka, ka, mdomo ukinguruma, nikaenda Bukoba nikarudi, nikaenda Mwanza. Mara moja ilikwama. Nikaivuta kwa nguvu zangu zote mpaka ikatoa mlio ambao sikuupenda. Nikashuka, nikaenda kuchambua maharage bila kutumwa.

Haikupita wiki. Jioni moja tulimsikia Mama anarudi kutoka Chonyonyo, na tulimsikia mapema mno, kwa sababu pikipiki ilikuwa inalia mlio mmoja mrefu, wa juu, usiobadilika, kama mnyama aliyebanwa mlangoni. Alikuja hivyo kilima kizima. Alipozima, injini ilikuwa inanuka moto. Akamwambia Baba kwamba gia imekataa kupanda. Ya kwanza inaingia, ya pili haitaki. Baba akauliza labda ni oili. Mimi nilikwenda nyuma ya nyumba nikakaa.

Lililonichanganya zaidi ni kwamba haikukataa kila wakati. Asubuhi, Mama akiwa ametoka kuamka, mara nyingine gia ilikubali. Jioni haikukubali kabisa. Mama alikaza waya wa klachi, akaulegeza, akaukaza tena. Akabadilisha oili. Akaipaka pedali grisi. Kila alichofanya kilileta tumaini la siku moja. Nami kila asubuhi nilimwomba Mungu, nikiona gia imeingia nilidhani nimesamehewa, na jioni nikisikia ule mlio unapanda kilima nilijua kwamba bado.

Ofisini kwao walimpa muda. Chanjo ya ng'ombe ilikuwa inakaribia, na chanjo haisubiri mtu anayetembea na gia moja, barafu itayeyuka njiani. Walimwambia kwamba pikipiki isipopona, kata zake za Igurwa na Chonyonyo watampa kijana mmoja mwenye pikipiki mpya, yeye akae mezani aandike vibali. Mama alitueleza hayo wakati anamenya ndizi, kwa sauti ya kawaida, lakini aliimenya ndizi ile mpaka ikabaki nyembamba kama kidole.

Basi tukaenda kwa Fundi Athumani, pale Kayanga. Ilikuwa likizo, Mama akanipakia nyuma, tukaenda kwa gia ya kwanza njia nzima. Babu yake Fundi Athumani alikuja kutoka Tanga kufanya biashara akabaki, na Kiswahili cha nyumba ile kilikuwa laini, si kama chetu tulichokijengea juu ya Kinyambo. Nilipomwamkia shikamoo aliitikia marahaba kwa urefu, kama anayenipa kitu. Alisikiliza maelezo yote ya Mama bila kumkatiza. Kisha akapanda pikipiki, akaondoka. Tukasikia gia ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne, zikapita moja baada ya nyingine bila hata kugonga. Akaenda, akageuza, akarudi. Akamwambia Mama kwamba haoni ubovu.

Mama akapanda mwenyewe. Mlio mmoja, mpaka kwenye kona.

Palikuwa na wanaume watatu wanasubiri baiskeli zao. Mmoja akasema kwamba mashine inamjua mwenyewe, kwamba hii imegundua inapandwa na mwanamke. Wakacheka, si kwa ubaya sana. Mama naye akacheka nao. Njiani kurudi, mimi niliyekuwa nimeshika kiuno chake nilisikia tumbo lake linatikisika, nikadhani bado anacheka.

Mara ya pili Fundi alibadilisha pedali, akisema labda meno yake ya ndani yamelika na inateleza kwenye shafti. Kwa Fundi zikaingia zote. Kwa Mama, moja. Hapo hata mimi nilianza kuwaza mapya. Ikiwa niliiharibu, mbona inamkubali Fundi? Nikafikia hitimisho ambalo kwa akili ya miaka yangu lilikuwa na mantiki kabisa: pikipiki ilikuwa imekasirika. Niliitesa, nayo haikujua nani aliyeitesa, ila ilijua ni mtu wa nyumba ile.

Kisha nikaiona soksi. Kazi yangu ya jioni ilikuwa kuosha mabuti ya Mama, na siku hiyo nilipotia mkono ndani ya buti la kushoto nilitoa soksi iliyoganda. Mbele, kwenye vidole, ilikuwa na damu, nyingine ya zamani, nyingine bichi. Nikamtazama Mama kupitia mlango. Alikuwa anakoroga uji, amesimama, hana dalili ya maumivu yoyote. Mtu aliyetoka damu kiasi kile angechechemea, angelalamika, angetafuta maji ya chumvi. Sikuelewa. Nikajua tu kwamba sasa pikipiki imeanza kumng'ata. Ile soksi niliifukia kwenye shimo la taka, chini ya maganda ya ndizi, na siku mbili tatu nilikuwa namsikia Mama akiuliza soksi yake iko wapi.

Mara ya tatu Fundi Athumani aliipasua mashine yote. Alitandika gunia safi, akaivua injini, akaifungua, akapanga gia juu ya gunia kwa mstari, kubwa mpaka ndogo, zikimetameta kwa oili. Mama alikuwa amekwenda ofisini kuomba waongeze muda. Niliachwa pale kwenye benchi. Nilizikagua zile gia moja moja kwa macho nikitafuta ile niliyoivunja. Fundi akachukua vyuma viwili vyenye umbo la uma, vile vinavyosukuma gia, akaviinua kwenye mwanga, akafumba jicho moja, akavigeuza. Akavirudisha chini. Akasema, kwa sauti ya mtu anayejisemea, kwamba miaka yote ya ufundi wake hajawahi kufungua ugonjwa na kukuta afya.

Nikashindwa kuvumilia. Nikamwambia kwamba ni mimi. Nikamweleza ya Bukoba na Mwanza, na ile sauti, na kwa kuwa nilikuwa nimeshaanza, nikamwambia na habari ya soksi.

Hakucheka. Alifuta mikono, akanipa moja ya zile uma niishike. Ilikuwa nzito na baridi. Akaniambia niipinde. Nikajaribu kwa mikono, nikajaribu kwa goti. Akaniambia kwamba mtu mzima akilazimisha gia wakati mashine imezimwa anaweza kweli kuiumiza, lakini mkono kama wangu, hapana. Kisha akauliza, taratibu, ile soksi ilikuwa ya mguu upi.

Nikamwambia wa kushoto.

Tuliporudi na Mama siku iliyofuata, injini ilikuwa imeshafungwa. Fundi aliiweka pikipiki kwenye stendi, gurudumu la nyuma likiwa hewani, akamwomba Mama akae juu yake kama anayesafiri. Akamwomba, kwa heshima nyingi na samahani nyingi, avue buti la kushoto. Akachuchumaa. Safari hii hakuitazama mashine. Alilizungusha gurudumu kwa mkono, akamwambia Mama apandishe gia.

Nami nilikuwa nimechuchumaa pembeni yake, kwa hiyo niliona alichokiona. Mama alinyanyua goti. Paja likapanda, mguu wote ukapanda kama mtu anayevuka mfereji, lakini vidole vilibaki vimening'inia, vimelala. Havikuisukuma pedali. Vilijiburuza chini yake tu, na kidole gumba kilikuwa kimechunika, ngozi hakuna, nyama nyekundu. Mama alikuwa anatazama mbele, anasubiri gia.

Fundi akakigusa pale penye kidonda. Kisha akabonyeza.

"Mama Jovin, hapa panauma kiasi gani?"

"Wapi?" Mama akauliza.

Fundi alirudisha mkono wake. Mama akainama, akatazama mguu wake, akaona kidole cha Fundi kimechafuka damu, akatazama tena mguu kama vile ni wa mtu mwingine aliyeusahau pale. Akasema kwamba alidhani ni mabuti, kwamba siku hizi mabuti yamekuwa mazito.

Hospitalini niliingia naye chumbani kwa sababu hakuna aliyekumbuka kunitoa. Muuguzi alimvua gauni nusu, akamgeuza kwenye dirisha, akakuta doa mgongoni, karibu na bega, mahali ambapo yeye mwenyewe hawezi kujiona. Lilikuwa kubwa kama kiganja, limepauka kidogo kuliko ngozi nyingine. Akasokota pamba, akamwambia Mama afumbe macho na aonyeshe kwa kidole kila anapoguswa. Aliguswa mkononi, akaonyesha. Aliguswa shingoni, akaonyesha. Akaguswa mguu mara nne, na Mama akaendelea kukaa, macho amefumba, kidole tayari, kama mtoto mtiifu anayesubiri zamu yake. Nilitaka kumnong'oneza. Nilidhani ni mtihani na Mama anaushindwa.

Ugonjwa haukutajwa mbele yangu. Baba aliniambia ni mishipa, na akaniambia nisimweleze mtu. Lakini Bibi, mama yake Baba, alilisema jina lake jikoni kwa Kinyambo, *ebibembe*, neno ambalo mimi nililijua kama tusi tu, la watoto kutupiana njiani. Nikashindwa kuunganisha. Mtu anaweza kuugua tusi? Baadaye sana ndipo nikaelewa kwamba ni ukoma, na kwamba ni ule ule wa kwenye masomo ya kanisani, na usiku huo nikahesabu vidole vya Mama alipokuwa ananifunika blanketi.

Siku chache baada ya hospitali Bibi alitenga sahani na kikombe, akavifunga kwenye kitambaa, akaviweka kwenye rafu ya peke yake. Mama aliona, akaendelea na kazi zake. Jioni Baba alirudi kutoka kwenye shamba la kahawa, akakiona kitambaa. Akakifungua. Akammiminia Mama chai kwenye kile kikombe, akasubiri anywe nusu, akakichukua akaimalizia yeye, mbele ya mama yake mzazi, kisha akakipeleka kwenye beseni pamoja na vikombe vingine. Muuguzi alikuwa ameshatueleza kwamba ukishaanza vidonge huambukizi mtu, na tulikuwa tumeshachunguzwa ngozi sote, hata Bibi. Lakini Baba hakuhubiri hayo. Alisema tu kwamba chai ilikuwa na tangawizi nzuri.

Niliuliza nani alimpa Mama ugonjwa ule. Nilitaka jina. Muuguzi alisema hutoka kwa pumzi za mtu anayeugua bila kutibiwa, pengine miaka mingi nyuma, na haijulikani ni nani. Hilo lilinisumbua kuliko kosa langu mwenyewe. Kosa langu lilikuwa na mahali, lilikuwa na siku, ningeweza kulitubu. Hili halikuwa la mtu.

Vidonge vilimfanya Mama awe mweusi, weusi wenye wekundu ndani yake, na watu wakasema jua la Igurwa linamuunguza. Mguu ulipata nguvu kidogo, si zote. Vidole havikurudi kunyanyuka kama zamani. Hapo Fundi Athumani alikuja nyumbani kwetu mwenyewe, kwa miguu, na kipande cha chuma kwenye mfuko. Alikuwa amefikiria jambo lile wiki nzima, akasema, na alikuwa amelitazama upande usio wake. Mguu wa Mama Jovin umekataa kuvuta juu, lakini kukanyaga unaweza. Basi ameunga mkono wa pili nyuma ya pedali, chini ya kisigino. Kisigino kikikanyaga nyuma, mbele panapanda.

Mama alijifunza upya uani kwetu, akizunguka mti wa mparachichi. Mwanzo alichanganya, akakanyaga mbele alipotaka nyuma, pikipiki ikaruka kama mbuzi, akazima, akawasha, akachanganya tena. Baba alikuwa amekaa kwenye kizingiti, anatazama, mikono ameifumbata katikati ya magoti. Kisha tukasikia ya pili. Akazunguka mti nayo mara mbili tatu bila kuthubutu zaidi. Akatoka njiani, na nyuma ya migomba tukasikia ya tatu.

Ofisini walikuwa wamemwongezea muda, na chanjo ilianza kwa kuchelewa wiki chache tu. Siku ya kwanza alinichukua Igurwa nimshikie daftari. Ng'ombe walikuwa wengi, palikuwa na joto na vumbi na harufu ya samadi, na alifanya kazi mpaka wa mwisho. Walimletea maziwa. Mwenye ng'ombe, mzee mcheshi, alikuwa anaizunguka pikipiki, akauliza mbona pedali imeota mkia.

Mama angeweza kusema lolote. Nilikuwa nasubiri aseme mishipa. Aliweka kikombe chini akamwambia kwa Kinyambo, kwa sauti aliyotumia kuwaeleza watu habari za kupe, kwamba alitoka doa mgongoni, mguu wake ukaugua ebibembe, anakunywa dawa, anaendelea vizuri, na dawa hospitalini ni bure.

Watu walirudi nyuma. Si wote pamoja. Mmoja, kisha wawili, kama maji yanavyoondoka kwenye jiwe. Mke wa mzee alikuwa wa kwanza. Alimvuta mtoto wake kwa mkono, akakitazama kile kikombe. Mama akaanza kufunga boksi lake. Nilimchukia pale. Baba alikuwa ameninyamazisha wiki zote zile, nami nikanyamaza, na sasa yeye amelisema mchana kweupe mbele ya ng'ombe mia.

Mchungaji wa lile zizi, mtu mzima wa asili ya Burundi aliyefanya kazi pale kwa kibarua, hakurudi nyuma. Alikuja mpaka kwenye pikipiki. Kiswahili chake kilikuwa kidogo, hakukitumia. Alikunja suruali, akaonyesha doa upande wa goti. Mama akapiga magoti kwenye samadi, akapabonyeza kwa kidole gumba, akamwuliza neno moja, mtu yule akatikisa kichwa.

Mama alilifungua tena boksi kwenye mpira, akanitwisha. Aliniambia nirudi kwa miguu, nimwambie Baba amempeleka mtu hospitali. Yule mchungaji hakuwa amewahi kupanda pikipiki. Alipanda kama anayepanda ukuta, akakishika kiuno cha Mama kwa mikono miwili, mbele ya watu wote waliokuwa wamesogea mbali. Nikasikia ya kwanza, kisigino, ya pili, kisigino, ya tatu, mpaka kilima kikawachukua.

Nilianza kutembea, boksi kichwani, sijui kama nilie au nijivune, sijui kama siri bado ni siri. Nilikuwa nimefika kwenye kijito niliposikia miguu inakimbia nyuma yangu. Alikuwa mke wa mzee, peke yake, mtoto amemfunga mgongoni. Hakunisalimia. Alinitua lile boksi, akajitwika yeye, tukavuka maji pamoja. Ng'ambo ya pili akasimama, akatazama nyuma kama kuna mtu, kisha akaniuliza kwa sauti ndogo sana:

"Lile doa la mama yako, lilikuwa la rangi gani?"